Shauri la mtoto haliishi siku ya hukumu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina kifungu kimoja, cha 119, kisichoacha nafasi ya ubishi: mtoto hatahukumiwa kifungo, hata kama sheria nyingine inasema vingine. Aliye chini ya miaka 18 haendi jela. Hakimu akishamtia hatiani anabaki na njia chache. Anaweza kumwachia kwa sharti la kutorudia kosa, kuamuru fidia ilipwe, kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, kumkabidhi kwa ndugu au mtu mwingine anayefaa kumlea, au, pakishindikana kabisa, kumpeleka shule ya maadilisho.

Ipitie hiyo orodha taratibu. Karibu kila kilichomo kinaanza kazi baada ya watu kutawanyika mahakamani. Mtu mzima akitozwa faini akalipa, yameisha. Akifungwa, kuna askari wa kumhesabu asubuhi na jioni, kuna daftari, kuna tarehe ya kutoka. Mtoto aliyewekwa chini ya uangalizi anarudi mtaani kwake jioni ileile, na anayetakiwa kumfuata ni afisa wa halmashauri ambaye meza yake imeshajaa mafaili mengine. Ninachosema ni kwamba Tanzania Bara tumeijenga haki ya mtoto hadi siku ya hukumu, tukaishia hapo. Amri inatolewa na Mahakama. Ikishatolewa, haina mwenyewe.

Si kwamba hakuna kilichofanyika, na anayesema hivyo anawaonea watu waliohangaika. Kabla ya 2009 tulikuwa bado na sheria ya mkoloni ya mwaka 1937, ile ya Watoto na Vijana, Sura ya 13. Kwa miaka mingi Mahakama ya Watoto ya Kisutu, Dar es Salaam, ndiyo pekee iliyokuwa na jengo lake. Kwingine mtoto alisikilizwa palepale waliposikilizwa watu wazima, wasiohusika wakiombwa kutoka nje. Mwaka 2016 zikatoka kanuni za mwenendo wa mashauri ya watoto, na Jaji Mkuu akatangaza majengo ya Mahakama za Mwanzo zaidi ya 100 kutumika kama Mahakama za Watoto. Oktoba 2021 vikazinduliwa vituo jumuishi sita vya utoaji haki, na kile cha Temeke kikawa mahsusi kwa mirathi na mambo ya familia. Majengo yapo na kanuni zipo. Tatizo linaanza mlangoni, mtoto anapotoka.

Chukua kijana wa miaka 15 wa Mbagala aliyekamatwa na saiti mira mbili za gari. Simsemi mtu fulani, ni mfano tu, ila wanaoshinda kwenye korido za mahakama watamtambua. Anaishi na bibi yake, muuza mihogo ya kukaanga. Sheria inataka mzazi, mlezi au ndugu awepo, kwa hiyo kila tarehe ya shauri bibi hauzi. Tarehe ya kwanza upelelezi haujakamilika. Ya pili, upelelezi haujakamilika. Dhamana inataka barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, na bibi ana namba tu, kadi haijatoka. Hatimaye kijana anakiri kosa, na kabla ya kutoa amri hakimu anaomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii.

Hapo kwenye taarifa ndipo ningependa tukae kidogo, maana mengine yote yanaitegemea. Afisa ustawi anatakiwa aende nyumbani, afike shuleni, aonane na mwenyekiti wa mtaa, azungumze na kijana peke yake, kisha amweleze hakimu kwa maandishi ni kitu gani kilimfikisha mtoto pale na nini kinaweza kumtoa. Taarifa nzuri inasoma hivi: mama yuko Oman kwa kazi za ndani, fedha zilikuja mwanzoni kisha zikakatika, kijana ameacha shule akiwa kidato cha kwanza, anayemtuma kung'oa vioo ni mtu wa gereji anayemlipa kwa sahani ya ubwabwa na elfu mbili, ana mjomba seremala Kibaha aliye tayari kumpokea. Hakimu akisoma hivyo anajua la kuamuru. Na polisi nao, kama wanasoma, wanajua mtu mzima wa kumtafuta.

Taarifa mbaya inasoma hivi: mtoto anatoka katika familia duni, amekosa malezi bora, inashauriwa apatiwe ushauri nasaha. Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwa mtoto yeyote wa mtaa wowote, na hubandikwa. Tusikimbilie kumlaumu aliyeiandika. Kutoka ofisini hadi nyumbani kwa mtoto na kurudi, tena zaidi ya mara moja kwa sababu mara ya kwanza bibi hakuwepo, kunahitaji nauli, na nauli hiyo mara nyingi afisa anaitoa mfukoni mwake. Akikosa, anapiga simu. Taarifa iliyokusanywa kwa simu haina mtu wa gereji wala mjomba wa Kibaha ndani yake.

Tuseme basi taarifa ni nzuri na amri ni nzuri: uangalizi wa miezi 12, kijana akae kwa mjomba ajifunze useremala, aripoti kwa afisa ustawi kila mwezi. Hakimu anasaini, faili linarudi masijala. Katika hesabu za mahakama shauri hilo limeamuliwa. Linaongezwa kwenye mashauri yaliyomalizika, linaondoka kwenye mlundikano, takwimu ya mwezi inapendeza. Kwa kijana ndiyo kwanza linaanza.

Sasa angalia nani yuko juu ya nani. Afisa ustawi wa wilaya ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ndani ya halmashauri amewekwa kwenye divisheni ya huduma za afya, ustawi wa jamii na lishe, kwa hiyo bosi wake wa kila siku ni mganga mkuu. Sera anayoitekeleza inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Amri anayotakiwa kuisimamia imetoka Mahakama, ambayo ni mhimili mwingine kabisa wa dola. Na kosa hilohilo likifanywa na mwenye miaka 19, uangalizi wake uko kwa maafisa probesheni wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wenye idara yao na mafaili yao.

Ripoti za yule kijana zisipoandikwa kwa miezi sita, nani atauliza? Mganga mkuu ana vifo vya uzazi, chanjo na upungufu wa dawa wa kujibia; hakuna mkuu wa mkoa aliyewahi kumsimamisha kwenye kikao amuulize kuhusu amri za uangalizi. Wizara haioni faili la mtoto mmoja. Hakimu hana mamlaka ya nidhamu juu ya mtumishi wa halmashauri, na asubuhi inayofuata ana mashauri mapya. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kama ulivyoandikwa, na mtoto amepotea bila mkosaji.

Afisa mwenyewe, ukimuuliza, atakutajia siku yake. Asubuhi wanandoa wawili wanaogombana, ambao lazima wapatanishwe. Mama anayedai matunzo kutoka kwa baba aliyehamia Geita. Mzee anayetaka msamaha wa gharama za matibabu. Polisi wa dawati la jinsia na watoto wanapiga simu kuna binti amebakwa, anatakiwa hospitalini sasa hivi. Kijana wa saiti mira, ambaye leo hajafanya lolote baya, hana dharura. Atangoja. Na kwa haki kabisa: ningekuwa mimi, ningeanza na yule binti.

Haya hayakuanzia kwetu. Mahakama ya watoto inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani ilifunguliwa Chicago, Julai 1899, kwa sheria ya jimbo la Illinois. Sheria ile iliiruhusu mahakama kuteua maafisa wa probesheni, lakini ikasema waziwazi kwamba wasilipwe kutoka hazina ya umma. Yaani jaji apewe chumba, na wa kumfuata mtoto ajitafutie riziki. Wanawake wa vyama vya kiraia vya mji huo, wengine wakiwa karibu na mwanaharakati wa ustawi wa jamii Jane Addams na nyumba yake ya huduma, Hull House, walichangishana fedha za kuwalipa maafisa wa mwanzo, Alzina Stevens akiwa miongoni mwao. Ilipita miaka kadhaa kabla mishahara hiyo haijaingia kwenye bajeti ya kaunti. Katika siku ya kwanza ya mahakama ile alifikishwa mvulana wa miaka 11 kwa tuhuma za wizi. Mama yake alimwomba Jaji Richard Tuthill asimpeleke kwenye taasisi, na jaji akakubali aende kuishi kwa bibi yake katika jimbo la New York. Hata Wamarekani, na utajiri wao wote, walianza na bibi.

Sisi tulipata akina mama wetu wa Chicago kwa namna nyingine. Mwaka 2012, kwa msaada wa UNICEF, Temeke ilianza kujaribu mpango wa marekebisho ya watoto ndani ya jamii, na baadaye Mbeya nayo ikaingia. Wazo lilikuwa sahihi: mtoto asikae ndani, abaki kwao, ahudhurie vikao vya kujitambua na kudhibiti hasira, arudishwe shule au apelekwe kwa fundi, na mzazi naye akalishwe chini. Fedha za wafadhili zilifanya kazi yake, ya kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Hazikutakiwa kuwa mshahara wa kudumu. Nchi yenye wilaya zaidi ya 130 haiwezi kuendesha uangalizi wa watoto kwa mtindo wa mradi, ambapo wilaya yenye mfadhili ina programu na ya jirani ina ushauri nasaha wa maneno matupu.

Kabla sijaonekana ninadai programu kila kona, kuna upande wa pili wa habari za Marekani, nao unatuhusu. Kaunti nyingi huko leo zina idara za probesheni zenye wasimamizi, programu na magari. Zilipopata nguvu hizo, nyingine zilivuka mpaka. Kijana aliyevunja kioo cha duka alipewa masharti ukurasa mzima: awe ndani ya nyumba saa fulani, apimwe mkojo, ahudhurie vikao viwili kwa wiki, alete barua ya mwalimu, mama alipe ada ya usimamizi. Hakuiba tena. Alikosa vikao viwili kwa sababu hakuna basi, akawekwa ndani kwa kukiuka amri. Wataalamu wa huko wamelisema hili kwa miaka: ukimlundikia huduma nzito mtoto ambaye angetulia mwenyewe, unaweza kumharibu, kwa sababu unamtoa shuleni na unamkutanisha kila wiki na wenzake waliobobea.

Kwa hiyo wingi wa watoto chini ya uangalizi si sifa. Mwenye kosa dogo la kwanza, mwenye mtu wa kumkemea nyumbani, apewe onyo aende zake, na afisa asimwone tena. Muda unaookolewa hapo uende kwa wachache ambao kila mtu mahakamani anajua kwamba watarudi.

Na wapo watoto ambao sheria yenyewe haimpi hakimu la kusimamia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 131, kama kilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema mvulana wa miaka 18 au chini ya hapo akipatikana na hatia ya kubaka kwa mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Fikiria maana yake kwa vitendo. Mvulana wa miaka 16 amemdhalilisha binti wa jirani. Anachapwa, anarudi nyumbani, ukuta mmoja na binti yule. Hakuna aliyempeleka kwa mtaalamu kujua kwa nini alifanya vile, kama naye aliwahi kufanyiwa, kama kuna mdogo wake wa kike ndani ya nyumba. Binti hana anayemuuliza kama bado anapita njia ileile kwenda kisimani. Wenye huruma na wavulana wanaiona adhabu hii ni ya kikatili, wenye hasira wanaiona ni ndogo. Mimi naona ubaya wake mkubwa ni kwamba inafunga faili siku hiyohiyo.

Upande mwingine kabisa kuna shule ya maadilisho, na hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni la ramani. Tanzania Bara ina shule moja ya aina hiyo, Irambo, mkoani Mbeya. Mtoto wa Bukoba akipelekwa Irambo amewekwa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka kwao. Unaweza kumfundisha uashi na tabia njema, lakini kazi na familia yake haitafanyika, kwa kuwa familia haipo. Siku ya kutoka anarudi kwenye nyumba ileile aliyoiacha, na watu walewale ambao hakuna aliyezungumza nao. Mahabusi za watoto nazo kwa miaka mingi zilikuwa tano: Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Kwa mikoa mingine, mtoto asiye na dhamana ni wa kituo cha polisi au gereza la watu wazima, na hapo umri wa kwenye karatasi huanza kupanda. Asiye na cheti cha kuzaliwa anaandikwa 18, na akishaandikwa 18 haki zote nilizotaja hapo juu si zake tena. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua mwaka 2011 ilikuta watoto wamechanganywa na wakubwa.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha usimamizi kwa jamii: mtaa una mwenyekiti, kata ina mtendaji, na tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulipoanza mwaka 2017 kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Nusu ya wazo hilo ni nzuri. Mwenyekiti wa mtaa anajua kijana amelala wapi jana kuliko afisa yeyote wa wilaya. Lakini Mahakama ya Watoto inakaa faragha kwa sababu maalumu, na ukiipeleka amri ya mtoto kwenye kikao cha watu kumi na tano, ikifika magharibi mtaa mzima unayo. Kijana anayesingiziwa kila kuku anayepotea hana sababu ya kujirekebisha. Kinachofaa ni mtu mmoja wa mtaani, anayejulikana kwa jina kwenye amri, aliyeapa kutunza siri: mwalimu mstaafu, imamu, mzee wa kanisa, mama wa kikoba mwenye kauli. Kenya wana utaratibu wa wasaidizi wa kujitolea wa maafisa wa probesheni, waliouiga kwa sehemu kutoka Japani, na unawapa maafisa macho ya ziada bila kuugeuza uangalizi kuwa mkutano wa hadhara.

Tukiwa Kenya, kuna la kujifunza na la kuepuka. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12; kwetu bado ni 10, na kati ya 10 na 12 upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtoto alijua anachofanya ni kosa. Sheria hiyo pia imeweka kwa maandishi namna ya kumtoa mtoto kwenye mkondo wa mashtaka tangu polisi hadi kwa hakimu, jambo ambalo kwetu linategemea sana busara ya mkuu wa kituo. Wana Idara ya Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo, yenye maafisa waliozoea kusimama mbele ya hakimu na kujibu maswali kuhusu mtu aliyewekwa chini yao. La kuepuka ni borstal, yaani taasisi za kuwafungia na kuwarekebisha vijana, za Shikusa na Shimo la Tewa, ambako kijana anapelekwa kwa amri ya miaka mitatu, awe ameiba simu au amefanya kubwa zaidi. Amri isiyoangalia mtoto amebadilika au hajabadilika ni kifungo kilichovaa sare ya shule.

Nini kifanyike basi? La kwanza halihitaji Bunge. Kila amri ya uangalizi iandikwe na tarehe ya kurudi mbele ya hakimu, tuseme baada ya miezi mitatu, mtoto, mlezi na afisa wakiwepo. Dakika ishirini zinatosha. Umehama kwa mjomba? Unaenda kazini? Bibi, unamwonaje? Afisa, umemtembelea lini? Swali la mwisho ndilo linalobadilisha mambo, kwa sababu mtu anayejua ataulizwa tarehe 14 atakwenda tarehe 10. Shauri lisihesabiwe limekwisha hadi amri imekwisha, na kwenye mfumo wa kielektroniki wa mashauri libaki hai na tarehe yake. Najua mahakimu watalalamika kuhusu takwimu zao za mwezi. Takwimu hizo zinaweza kupewa safu nyingine.

La pili ni la uongozi. Kila Mahakama ya Wilaya ina kamati ya kusukuma mashauri inayowakutanisha hakimu mfawidhi, waendesha mashtaka, polisi, magereza na ustawi wa jamii. Vikao hivyo hushughulika na mashauri yasiyosonga. Viongezewe daftari moja: amri zote za watoto zilizo hai, nani anasimamia ipi, ripoti ya mwisho ilikuja lini. Hakimu mfawidhi hatakuwa na mamlaka ya kumwadhibu afisa ustawi, lakini atakuwa na barua ya kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri yenye majina na tarehe, na mkurugenzi hapendi barua za namna hiyo zifike kwa mkuu wa mkoa.

Ningeenda mbali zaidi niseme kila wilaya yenye mashauri mengi ya watoto imteue afisa ustawi mmoja awe wa mahakama, mshahara ubaki halmashauri, ila asipangiwe wanandoa wala misamaha ya matibabu. Temeke wamethibitisha kwamba mirathi, ambayo ilikuwa ikiwazungusha wajane kutoka ofisi hadi ofisi, inaweza kuletwa chini ya paa moja. Dawati la ustawi wa watoto ndani ya vituo jumuishi vingine halitagharimu jengo jipya.

La fedha ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na huenda ndiyo maana linasahaulika. Halmashauri zinatenga kwa mujibu wa sheria asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka 15 hakopi, kwa hiyo mgawo huo haumgusi. Diwani anayetaka kumsaidia asitafute fungu la mabilioni. Bajeti inapopita kwenye kamati, aulize tu kama ndani ya ustawi wa jamii kuna mstari wa nauli za kutembelea watoto wenye amri za mahakama, una shilingi ngapi, na mwaka uliopita zilitoka ngapi kati ya zilizopitishwa. Swali la tatu ndilo gumu.

Mahali pa kuanzia ningechagua Mbeya. Mahakama ipo, mahabusi ya watoto ipo, Irambo ipo, na uzoefu wa kuwarekebisha watoto wakiwa kwao upo. Mwaka mmoja wa kujaribu tarehe za kurudi utatoa namba moja ambayo Bara haijawahi kuizoea kuiona kwenye ripoti za Siku ya Sheria: kati ya amri za uangalizi zilizotolewa, ni ngapi ripoti zake zilifika kwa hakimu tarehe iliyopangwa. Ikitoka kumi kwa mia, ichapishwe hivyohivyo.